Maji ya Mlango wa Nyuma

Sogeeni wanangu, na wewe uliyeegemea mlango uje uketi, maana haya ya leo sikusimuliwa na mtu, sikuyaokota kwa kinyozi wala kwenye foleni ya bomba. Niliyaona yote mwenyewe, kwa macho yangu haya mawili, na akitokea mwingine katika mji huu akadai aliyaona, basi alikuwa amesimama nyuma yangu na mimi nilikuwa nimemziba.

Mama yenu ameshaanza kutikisa kichwa. "Baba Chumvi huyo," anasema, "hata kitandani." Semeni mtakavyo. Jina hilo nimelibeba mji mzima na halijaniinamisha. Ni kweli nilisema niliwahi kupiga lipu ukuta ukawa laini mpaka mjusi akateleza akavunjika mguu. Ni kweli nilisema kovu hili la kiganjani ni la mamba, na nyinyi mkakua mnawavutia wenzenu mkono wangu wautazame. Lakini leo kifua hiki kimejaa saruji ya nyumba za watu, pumzi naipata kwa kuomba, na mtu anayeomba pumzi haitumii kupamba hadithi. Mnaniita mzee. Mimi si mzee, nimechakaa tu, kama mwiko ulioliwa na mchanga ukabaki mpini.

Naanza na ule mkokoteni. Nauona hapo nje: kitanda kimefungwa kamba, masufuria yamo ndani ya beseni, godoro juu yake, na juu ya godoro mto mdogo wa mjukuu wangu. Mvua imekatika jana, jua limetoka, na wewe mwanangu wa pili, fundi wa kuchomelea, umeamua kwamba leo ndiyo siku ya kuhamia nyumba yetu ya bondeni, wewe na mkeo na mtoto. Umekuja kuniaga. Mimi sijakuruhusu, na kabla sijanyamaza nataka ujue kwa nini.

Mji huu mnaujua kwa nyayo tu. Mto unatoka kule milimani, mawingu yanakokaa hata sisi tukiwa tunaota jua, unashuka mpaka kwetu, unapinda, unauzunguka mji kama mkono uliokumbatia chungu, kisha unaenda zake. Ndani ya mkono huo ndiko bondeni: soko, stendi, karakana yako, na nyumba aliyoniachia baba yangu. Sisi huku juu tuko kwenye mawe. Huku tuna upepo na hatuna maji. Mkeo amepanda na ndoo kichwani mpaka shingo imezama mabegani, na simlaumu hata kidogo akitamani bomba la bondeni lililo hatua chache kutoka jikoni. Kule wana maji na hawana upepo; kiangazi mabati yanalia kwa joto na watu wanalala barazani kama samaki walioanikwa.

Na majira ya mji huu ni waongo kunishinda mimi. Kipupwe ukungu unalala barabarani asubuhi, humwoni hata unayemsalimia, unamsalimia adui yako bure. Kiangazi mto unakonda mpaka unatia aibu, matairi na mabeseni yaliyotoboka yanajitokeza, vijana wanacheza mpira katikati yake, na hapo ndipo watu wanaposahau na kununua viwanja. Vuli inakuja na fujo zake, inanyesha asubuhi, jioni vumbi limerudi. Halafu masika. Masika yenyewe mnayaogopa vizuri: mnapanga mifuko ya mchanga mlangoni, mnapandisha nguo juu ya kabati, kila mtu jicho moja liko mtoni. Sijawahi kuona masika yakiua mtu anayeyatazama. Kinachoua mji huu ni siku kama ya leo. Ni jua.

Msicheke. Wewe kinyozi, kitinda mimba wangu, nakuona unauma mdomo. Nisikilize. Mvua ikikatika hapa, watu wote wa bondeni wanakuwa na kazi moja, kuanika magodoro. Magodoro juu ya paa, magodoro kwenye kuta, magodoro katikati ya barabara na watoto wanarukaruka juu yake, mji mzima unanuka pamba iliyovunda na sabuni. Mifuko ya mchanga inaondolewa, nguo zinashushwa kabatini. Na kule milimani bado inanyesha. Maji ya kule yana safari, hayatufikii mvua ikinyesha. Yanatufikia tukiwa tumeshavua viatu na kunyoosha miguu.

Tena hayaji kwa mbele. Nyuma ya nyumba za mtaa wetu kuna ule mtaro mkavu mnaouita njia ya mbuzi. Ule si mtaro, ule ni mto. Ndiyo njia yake ya zamani kabla haujapinda, na ukizidiwa huikumbuka. Mbele mto unajaa polepole, unaweza kukaa kizingitini ukautazama unavyopanda. Nyuma unaingia kama mwenye nyumba aliyerudi safari na kukuta wapangaji.

Baba yenu mdogo alikuwa mshona magodoro. Siku ile jua liliwaka kama hili, mbingu haina hata kijiwingu. Mimi nilikuwa juu ya jukwaa la mbao, napiga lipu ukuta wa nyuma wa jirani, na nikigeuza shingo tu naiona ile njia ya mbuzi yote. Ndiyo maana nasema niliona yote. Yeye alikuwa ndani ya nyumba yetu. Magodoro yake ya kuuza alikuwa ameyarundika nyuma ya mlango wa mbele, juu ya mifuko ya mchanga, mpaka darini, kwa sababu masika yote alikuwa akiulinda mlango unaotazama mto. Nikamtania kupitia dirishani, "We mdogo wangu, toa mali nje, jua la bure hilo!" Akanijibu, "Tulia na mwiko wako, kaka, ukuta umepinda kuliko maneno yako." Ndivyo tulivyokuwa.

Kwanza nilisikia kuku. Kisha nikaona mbuzi wanaparamia ukuta niliokuwa naupiga lipu, wananiharibia kazi, nikawatukana. Halafu njia ya mbuzi ikawa na rangi ya chai ya maziwa, na ikawa inatembea. Nilipiga kelele mpaka koo likachanika. Maji yaliubeba mlango wa jikoni mzimamzima, yakaingia, yakayainua magodoro yote na kuyabana kwenye mlango wa mbele, na mlango ule ulikuwa unafunguka kwa ndani. Godoro la pamba likishakunywa maji, wanaume wazima hawalisogezi. Nilimsikia anasukuma. Kisha akaja kwenye dirisha la nyuma, nami nikaruka kutoka jukwaani nikadaka paa letu.

Dirisha la nyuma lilikuwa na nondo. Tulizitia wenyewe kwa ajili ya wezi, yeye akizishika na mimi nikizijengea kwa zege, na kazi yangu mnaijua, haing'oki. Siku ile niliing'ang'ania mwenyewe, fundi hodari, na haikung'oka. Nikavuta bati la paa, likanipasua kiganja. Hilo ndilo kovu lenu la mamba. Mwisho nikashika ukingo wa paa kwa mkono huu, huu mwingine nikaupitisha kwenye nondo, akaushika. Jua linawaka. Naona kivuli changu juu ya maji. Maji yakamfika kidevuni, na alichosema mnakijua, nimewasimulia tangu mnanyonya vidole: alicheka, akasema, "Kaka, nenda juu ukamtazame mama, mimi nitapitia mlango wa mbele," akaniachia mkono.

Nipeni maji kidogo. Si mengi. Hayo yanatosha.

Yule mwenye vyumba vya kupanga, tunayemwita Kifusi, ameijaza njia ya mbuzi mawe na takataka, na juu yake amejenga. Aliponiita nimpigie lipu nilikataa, tukatukanana sokoni mbele ya wauza nyanya. Akaniita mchawi wa mvua, nikamwita tumbo lililovaa saa. Ugomvi huo nafa nao mimi, msiurithi. Wasalimieni wanawe, wakifiwa nendeni. Lakini jueni kwamba maji yakirudi yatakuta njia yao imezibwa, yatatafuta nyingine, na iliyo karibu ni jiko letu.

Na wewe fundi umefanya nini? Umetia geti la chuma, umetia nondo kila dirisha, umezichomelea kwenye fremu moja kwa moja, hakuna bawaba wala komeo. Nilishuka kuziangalia kabla sijaanguka hapa kitandani. Sikufichi, nilivimba kichwa. Nikazigonga, nikazitikisa, nikasema huyu ndiye mwanangu, kazi yake haing'oki. Kisha nikakaa kizingitini, mpita njia akaniuliza kama nimelewa.

Sasa shikeni maneno yangu. Nyumba hii ya juu ni ya mama yenu mpaka siku yake, na asiambiwe na mtu apishe chumba. Akiondoka, neno la mwisho ni la dada yenu mkubwa; anashona nguo za watu, anajua kupima kabla ya kukata. Wewe fundi una chumba chako hapa hapa, na ile sehemu ya uani ujenge, mawe yapo bure, mgongo unao. Kuhusu maji ya mkeo, nunueni pipa kubwa, punda wa kukodi wapo, mgawane kazi, asipande na ndoo peke yake tena kama adhabu. Mwiko wangu na timazi namwachia kinyozi. Usinitazame hivyo. Unalainisha vichwa, utalainisha kuta. Kuta hazilalamiki zikikatwa vibaya.

Nyumba ya bondeni msiiuze, maana mkiuza mtakuwa mmemuuzia mtu kaburi naye hajui. Iwe karakana. Mchana chomeleeni humo, wekeni vyuma, fungeni mbwa kama mnaogopa wezi, lakini mtu wa damu yangu asitie godoro ndani yake. Nondo za dirisha la nyuma zikatwe, zitiwe bawaba zifunguke kwa nje. Geti nalo lifunguke kwa nje. Na siku ya kuanika magodoro, mtakapowaona watu wamefurahi wote kwa pamoja, pandeni huku mkae mpaka maji ya milimani yapite na mto urudie rangi yake.

Mimi mnizike huku juu. Najua ni mawe matupu, mtachimba mtachoka, mtanitukana hata nikiwa marehemu, ruksa. Bondeni msinipeleke. Nimewapigia lipu wa bondeni maisha yangu yote, na kila masika nilirudi kuwapigia tena ile ile. Sitaki kwenda kusubiri maji nikiwa nimelala chali.

Mungu awape paa lisilovuja na... ngoja. Awape pumzi ndefu kuliko yangu. Awape watoto wanaowabishia, kama mlivyonibishia, ili mjue ladha yake. Mikono yenu isikose kazi. Mpendane hata mkinuniana.

Nani huyo? Ni wewe fundi? Sema kwa sauti, masikio bado ni yangu. Unasema, "Baba, maji hayo yalikuja mara moja tu, hata mimi sijazaliwa." Sawa. Na nini tena? Usimeze. "Hata baba mdogo mwenyewe alicheka."

Alicheka.

Kumbe ndiyo maana huogopi. Kumbe ni mimi.

Niinulieni mto. Hapo. Mwanangu, mkono wako uko wapi... Bibi yenu alinisubiri pale kwenye mawe siku ile, nguo zangu zinadondosha tope, akaniuliza kitu kimoja tu: "Mwanangu alisema nini?" Ningempa nini? Nilikuwa na mdomo huu tu. Nikamtungia. Nikampa kile kicheko, na yale ya kumtazama mama, na mlango wa mbele. Akavipokea akaishi navyo mpaka alipokwenda. Kisha nikawapa nyinyi, mkavipenda, na mimi nikanogewa. Mengine yote niliyaona. Hilo moja... hilo moja ni la kwangu.

Hakucheka. Hakusema kitu, kinywa kilishajaa. Wala hakuniachia, mwanangu. Maji yalishuka jua bado linawaka, magodoro yamening'inia mitini, na yeye bado ameushika mkono wangu. Majirani ndio waliokuja kuvifungua vidole... kimoja... kimoja.

Kashushe kitanda mkokotenini.