Vitu Vitatu Vyenye Doa Jekundu

Jeet, zima feni hiyo kwanza, inameza sauti yangu, na sauti yenyewe imebaki kidogo. Hiral, kaa hapa kitandani, upande wa miguu. Paskalina, vuta kiti, usisimame mlangoni kama mteja. Umefanya kazi katika nyumba hii tangu Jeet anavaa kaptula ya shule, na ninalotaka kusema linakuhusu wewe kuliko hawa. Ndiyo maana nasema kwa Kiswahili. Kigujarati changu wanangu watakipata kwenye sala. Wosia huu sitaki mtu aje akutafsirie.

Sikilizeni basi. Nyumba tumeshaimaliza. Mnunuzi ataivunja ajenge ghorofa, kama walivyovunja ya jirani, nanyi mtagawana kama wakili alivyowasomea. Sina ugomvi na hilo. Mtaa wa Sikukuu niliouzoea, wa maduka yaliyofungwa mchana kwa kukosa cha kuuza, ulishaondoka. Sasa makontena yanashushwa hapo chini, makuli wanagombania njia na mikokoteni yao, nami nalala nikiwasikiliza na kumtafuta katikati ya kelele zile mtu mmoja ambaye angefungua dirisha awaambie wapunguze. Kilichobaki ni kompyuta ya mama yenu.

Najua ni ya zamani. Jeet ameshaniambia hata mafundi wa Ilala hawatainunua kwa spea. Lakini mama yenu aliinunua wakati wateja wa duka letu la kuchapa hapo chini wameanza kutukimbia, wanataka kadi za harusi zenye maua na maandishi ya kulala, sisi tuna mashine ya taipu yenye herufi za aina moja. Mtaa mzima ulikuwa unauza sidii za kunakili, zimetandazwa chini pamoja na soksi. Yeye akataka Windows orijino, ile iliyokuja na mashine yake kutoka dukani. Nikamwambia tunajipa hasara. Akanijibu kwamba hawezi kuchapa mikataba ya watu kwa kitu cha wizi, akaenda zake jikoni. Mabishano yetu mengi yaliishia hivyo. Leo natamani tubishane tena, anishinde, aende zake jikoni, nami nibaki hapa nikisikia sufuria.

Mnaikumbuka Diwali ya mwaka ule. Baba yangu alikuwa akiweka vitabu vya biashara mbele ya Lakshmi, mungu wetu wa mali, na kuvitia alama. Mama yenu akaweka kompyuta. Alichovya kidole kwenye kanku, ile poda nyekundu ya ibada, akatia doa jekundu ubavuni mwa mashine, doa kwenye bahasha ya sidii, na doa kwenye kitabu cha maelekezo. Jeet, ulimuuliza kama Lakshmi anajua Windows. Akakwambia atajifunza, mbona Paska amejifunza.

Vitu hivyo vilikaa pamoja kwenye meza ya dukani mpaka alipofariki. Baada ya matanga Hiral akaenda na kitabu Leicester, Uingereza, kwa sababu kina mwandiko wa mama yake. Jeet akachukua sidii, akaipeleka kwenye intaneti kafe yake Mnazi Mmoja. Mimi nikabaki na mashine. Sikuwazuia. Kila mtu alikuwa anatafuta pa kumshika.

Sasa nyumba inavunjwa na Paskalina anafungua ofisi yake Ilala. Kompyuta hii nampa yeye. Kuna shule itakayompa kazi ya kuchapa mitihani, na kabla ya kusaini wanataka kuona leseni ya mashine yake. Nilimwita Talha wa duka la chini, anayeuza kompyuta, nikamuuliza leseni inahamishwaje. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemsomea mgonjwa cheti cha dawa. Leseni hii ilikuja na mashine hii, kwa hiyo inakwenda nayo. Haikatwi vipande. Anayepewa anapewa vyote, mashine na sidii na kile kitabu, kwa sababu hati yenyewe na namba zake ndiyo jalada la kitabu. Na anayetoa habaki na nakala, popote.

Jeet, umeinamisha kichwa, nami najua unahesabu mashine zako. Juzi uliniambia, "Bapuji, Kariakoo nzima inanakili."  Nakujibu sasa. Kariakoo nzima haikuzaliwa na mama yako Jasvanti. Sidii utairudisha kabla mwili wangu haujachomwa, na ulichopakia kwa namba zile utakifuta, kisha uweke chako cha kununua, pole pole, mashine moja moja. Ukihitaji msaada muulize Talha, nimeshamwambia asikucheke.

Nipeni maji. Basi, yanatosha.

Hiral, beta, mwanangu, kitabu kimo ndani ya mkoba wako. Umekishika tangu ulipotoka uwanja wa ndege. Jana uliniambia Jeet atatoa sidii, ambayo mtu anaweza kununua nyingine, na mimi natoa mashine ambayo siwezi kuondoka nayo, ila wewe peke yako ndiye unayeombwa kumtoa mama. Neno hilo limenikesheza.  Nakuomba kitu kimoja tu. Kifungue, popote pale, usome alichoandika pembeni. Soma kwa sauti.

Ndiyo. Rudia, Paskalina asikie.

"Paska, hapa subiri. Usibonyeze kitu mpaka ikuite."

Geuza. Ukurasa mwingine. "Paska, ikikwama usiogope, zima uanze upya." Mwingine tena. Unaona? Umekaa na kitabu hiki miaka yote hiyo kule kwenye baridi, umekisoma mpaka jalada limelegea, na kila alipoandika anamwita mwenzako. Kiingereza cha kitabu kilimshinda Paskalina, basi mama yenu akawa anamwandikia Kiswahili usiku baada ya kuosha vyombo. Hakukuacha wewe nyuma. Wewe alikuimbia, akakusuka, akakupeleka shule. Mwandiko aliokuandikia wewe uko kwenye barua zake zote ulizonazo. Huu ulikuwa wa Paska tangu mwanzo. Mpe mwenyewe, kwa mkono wako. Mimi nisikupokonye.

Vizuri. Vizuri, beta.

Paskalina, usilie juu ya kitabu, wino utachuruzika. Ukiiweka Windows upya kwa sidii ile, itakuuliza jina la mwenyewe. Sasa hivi pameandikwa Jasvanti. Wewe unajua nilivyokuwa nashuka asubuhi kabla hujafungua duka. Hukuniuliza nafanya nini. Nilikuwa naiwasha, natafuta pale inapoonyesha mwenyewe ni nani, nalisoma jina, nazima. Nilitaka nife likiwa bado pale. Lakini mashine haiwezi kuwa yako na jina la mtu mwingine, na yeye angenigombeza. Andika jina lako kamili. 

Hiral atakuwekea doa jipya kila mahali palipofifia. Wewe ni Mkristo, kama hutaki, aache. Lakini nadhani humkatalii Mama Jeet. Diwali wanangu waje Ilala wakusalimie, na wakija wakute chai. Nyinyi watatu msipoteane. Jeet, mwinamie dada yako. Hiral, mshike kaka yako kichwani. Paska, na wewe sogea. Mkono wangu haufiki, leteni vichwa. Biashara zenu zifunguke. Watoto wenu wawazike nyinyi, nyinyi msiwazike wao. Mungu wenu na wetu awatunze.

Sasa mkaiwashe hapo chini, mara moja, kabla haijafutwa. Acheni milango wazi, nisikie ule muziki wake ikiamka.

Makuli wamenyamaza.

Hiyo... hiyo inaamka. Subiri, Paska. Usibonyeze kitu.