Nani Kampiga Picha Nzi?

Kwenye treni, binti mpiga picha aliyeketi mbele yangu alimwonyesha mzee fundi cherehani picha ya nzi, anayeonekana wazi kuanzia kichwani hadi ncha ya mabawa. "Kamera yenyewe inasogeza fokasi, yaani sehemu inayotoka wazi, inapiga picha nyingi mfululizo, halafu naziunganisha ziwe moja," alisema kwa maringo.

"Basi imepiga kamera, mwanangu."

"Pa kuanzia nachagua mimi, mzee wangu! Jana nilianzia nyuma ya macho, nikapata nzi mwenye mtoto wa jicho."

"Hata hivyo, umebonyeza mara moja tu."

Nilitaka kuuliza kama cherehani ya mzee haina mota, ila nina adabu.

Treni ikasimama. Mzee akateremka, akamwonyesha mkewe aliyekuja kumpokea dirisha letu: "Mwone binti yule! Kampiga picha nzi, unamwona mpaka vinyweleo!"

Kamera hakuitaja.