Bibi Winfrida Kasimiri Kobelo, na Sababu ya Kifo Chake

Kila siku saa kumi na moja alfajiri, baada ya kusali, Bibi Winfrida alichukua kichupa cha dawa ya kikohozi kilichokaa dirishani, akafungua mlango wa nyuma na kumwaga maji ya jana kwenye mchaichai. Kisha alisema, kama anayeongea na mtu aliye karibu, "Asante, hayakutumika." Alijaza maji mapya kutoka mtungini, akakaza kizibo, akakitia kichupa mfukoni mwa gauni. Yalikuwa maji ya kumbatizia mtoto mchanga anayekata roho kabla padre hajafika, kazi ambayo Kanisa linamruhusu mtu yeyote kuifanya panapokuwa na hatari ya kifo. Siku ambayo maji yalitumika, alirudi nyumbani na kichupa kitupu, na hakuna aliyemsemesha mpaka alipomaliza kula.

Naitwa Lucy, mtoto wa binti yake Janeth. Kwa desturi yetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo mimi ni wa ukoo wa marehemu, na ndiyo maana nimepewa kuandika na kusoma wasifu huu. Mjomba Deogratias, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, aliniomba jambo moja. "Lucy, mama, mheshimiwa diwani atakuwepo," alisema. "Malizia na 'Mungu alimpenda zaidi.' Watu wote wanamalizia hivyo." Wasifu uliochapishwa kwenye ratiba mliyoshika niliupeleka mjini mwenyewe. Mjomba anausikia sasa hivi kwa mara ya kwanza, pamoja nanyi, na ninamwomba radhi mapema.

Bibi Winfrida alizaliwa tarehe 2 Juni 1949 hapa Lukunge, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Kasimiri Kobelo na Mama Anastasia, waliolima maharage na mahindi kwenye miteremko hii. Alibatizwa siku nane baadaye katika kanisa la misheni. Alisoma shule ya msingi ya misheni, kisha shule ya kati ya wasichana upande wa pili wa mlima, alikomaliza darasa la nane mwaka 1964. Kila muhula ulipoanza alitembea mwendo wa saa tano, sanduku la bati kichwani. Alipenda vitabu maisha yake yote. Kila kitabu chake kina jina lake kwenye ukurasa wa kwanza na wa mwisho, kwa sababu, alivyosema, mwizi wa vitabu huchana wa kwanza tu.

Tarehe 7 Oktoba 1967 alifunga ndoa na Leonard Banzi, mkulima wa kabichi, mtu mpole ambaye alicheka kabla ya kufika mwisho wa hadithi zake mwenyewe. Shamba lilikuwa la ukoo wa mke, hivyo Babu ndiye aliyehamia huku. Waliishi pamoja mpaka Babu alipofariki tarehe 19 Agosti 2011.

Mtoto wao wa kwanza alizaliwa tarehe 3 Septemba 1968, nyumbani. Hakulia. Wanawake waliokuwepo walimtazama, wakamfunika khanga, wakamwambia mama yake kuwa ni mapenzi ya Mungu. Yeye alikubali. Alikuwa na miaka kumi na tisa na hakuwa na sababu ya kutokubali.

Mwaka 1970 masista walimchukua kujifunza ukunga. Siku moja, darasani, Sista aliwaonyesha namna ya kumhudumia mtoto asiyelia: anakaushwa, anasafishwa kinywa na pua, anasuguliwa mgongo kwa nguvu, na wengi wao hulia. Bibi alituambia kuwa penseli ilivunjika mkononi mwake. Aliomba ruhusa, akatoka nje, akasimama nyuma ya jiko la shule mpaka kipindi kikaisha. Miaka miwili alikuwa amempa Mungu lawama ya kitu ambacho kilihitaji kitambaa na mikono miwili. Mtoto yule alimpa jina siku ile, nyuma ya jiko. Alimwita Kristina, na tangu hapo alipohesabu watoto wake alianza na yeye.

Alifanya kazi ya ukunga katika zahanati yetu kuanzia Januari 1972 mpaka alipostaafu Juni 2004, na baada ya kustaafu aliendelea kuitwa majumbani kana kwamba hakuna aliyepata habari. Wengi mnaonisikiliza mlipokewa na mikono yake. Hakumwita mtoto yeyote "mimba iliyoharibika." Aliyeishi dakika tano alipata jina, alipata maji, alipata misa, sawasawa na mtu aliyekufa akiwa askofu. Alisema Mungu hapimi uhai kwa saa.

Nitasimulia kisa kimoja ambacho Mama Mwaisha, mke wa mwenye duka la chini, ameniruhusu kukisema. Mwaka 2003 alijifungua mtoto wa kike aliyetoka kimya. Akiwa kitandani, kwa hofu, alisema, "Bibi, si una maji yako mfukoni? Tumia hayo hayo!"

"Hayo ni ya watoto wa nyumba yangu," Bibi alimjibu, huku mikono yake ikisugua mgongo wa mtoto bila kupumzika. "Huyu ana nyumba yake. Wewe, mlangoni hapo! Mwite baba yake aje amwadhinie."

Mtoto alilia kabla baba yake hajaipata kofia yake. Ndiye Aaliyah, yule aliyesimama na birika la maji ya kunawa.

Sasa nafika sehemu ambayo Mjomba aliniomba niipite haraka.

Jumapili tarehe 14 Aprili 2024 mvua ya masika ilibeba daraja la mto Mzinge, ambalo ndilo njia pekee ya gari kuja Lukunge. Barua ya kuiomba serikali ilitengeneze iliandikwa siku ya tatu. Ninayo nakala yake. Iliandikwa nyingine mwezi wa sita, na nyingine mwezi wa tisa. Jumanne tarehe 12 Novemba 2024 msichana mmoja wa kijiji chetu, ambaye sitamtaja kwa kuwa yuko hapa na ameshalia vya kutosha, alibebwa kwenye machela mpaka ukingoni mwa Mzinge, akajifungulia pale pale kwenye majani akisubiri maji yapungue. Bibi alifanya yote aliyoyajua. Mtoto alihitaji hewa ya mtungi, na mtungi ulikuwa kwenye gari la wagonjwa, ng'ambo. Aliishi dakika arobaini. Bibi alimbatiza Emmanuel, kwa maji ya kichupa, ukingoni mwa mto uliojaa maji.

Jumapili iliyofuata, katekista wetu Anselmi alisoma nia za misa kama kawaida, bila kuzipitia kwanza. Nia ya kwanza ilikuwa ya shukrani. Ya pili aliisoma kwa sauti ile ile: "Imetolewa na Mama Winfrida Kobelo, kumwombea mtoto Emmanuel, aliyeishi dakika arobaini, na kufariki kando ya mto kwa sababu daraja limevunjika miezi saba na hakuna aliyekuja kulitazama."

Baada ya misa Anselmi alimfuata chini ya kengele, na mimi nilikuwepo.

"Mama, shikamoo. Lakini umeniponza. Nia ya misa ni kumwombea marehemu, siyo kumshtaki mtu."

"Marahaba. Nimemtaja nani?"

"Hukutaja. Ila kila mtu amegeuka kutazama benchi la viongozi."

"Basi hao waliogeuka waulize wao."

Kuanzia siku hiyo alitoa nia ile ile kila mwezi, akibadilisha idadi ya miezi tu. Anselmi alianza kuzipitia nia kwanza. Aliisoma hata hivyo, kila mwezi, na kwa hilo tunamshukuru.

Jumamosi tarehe 8 Februari 2025 wageni walikuja kuweka jiwe la msingi la daraja jipya. Jiwe lilikaa ng'ambo, na ili magari yao yavuke kuja kwenye sherehe kijijini, mafundi walileta mbao nene na magogo, wakatengeneza kivuko kwa siku mbili. Siku mbili. Magari saba yalipita juu yake. Sala ilifunguliwa na padre, akafuata shehe, akafuata mchungaji. Tuliimba wimbo wa taifa. Tuliambiwa kuwa nchi yetu ni nchi inayomcha Mungu, kwamba amani yetu ni baraka yake, na kwamba daraja tumemkabidhi yeye. Watu walipiga makofi. Jioni ile ile, magari yalipokwisha kurudi, mbao na magogo vilipakiwa kwenye lori na kuondoka, kwa sababu vilikuwa vya kuazima.

Bibi alisimama kando ya lori mpaka ubao wa mwisho ukapakiwa. Aliwauliza mafundi, "Wanangu, mnaziondoa?"

"Tumeagizwa, Bibi. Ila msijali, mmeombewa na dini zote."

"Nimesikia. Wameomba vizuri sana," alisema. "Sasa mwenye kuombwa akizileta mbao, mtamsaidia kupigilia?"

Walicheka. Yeye hakucheka. Bibi alikuwa mtu wa sala kuliko sisi wote, na sikuwahi kumsikia akitilia shaka kuwa uhai unatoka kwa Mungu na kwake unarudi. Kwa sababu hiyo hasa alikasirika. Alisema mtu akikukabidhi kitu chake cha thamani, ukakiacha mvuani, huwezi kumrudia mwenyewe na kumwambia ndivyo alivyopenda. Na taifa zima likisema hivyo kwa pamoja, limesimama wima na mikono kifuani, bado ni uongo, na uongo huo unasemwa mbele za Mungu.

Jumatatu tarehe 5 Mei 2025, saa mbili asubuhi, Bibi alishikwa na maumivu makali ya tumbo. Muuguzi wa zahanati alimpima, akasema utumbo umejisokota na anahitaji kupasuliwa siku hiyo hiyo. Gari la wagonjwa lilipigiwa simu na lilifika ng'ambo ya Mzinge saa tano kasorobo. Vijana sita walimbeba Bibi kwa machela mpaka ukingoni. Njiani aliwaambia, "Mkiniangusha, nitawasema mbele ya wachumba zenu." Walipofika, mto ulikuwa umejaa kutoka ukingo hadi ukingo.

Tulisubiri kwa muda wa saa sita. Ng'ambo tuliliona gari, mlango wake wa nyuma wazi, kitanda ndani yake kimetandikwa shuka nyeupe. Dereva alitupungia mkono, baadaye akachoka kupunga. Aliketi juu ya jiwe la msingi, kwa sababu ndilo lililokuwa kavu.

Anselmi, ambaye alikuwa mmoja wa waliombeba, alilia. "Mama, tumwachie Mungu," alisema.

"Wewe nishikie khanga, Anselmi," Bibi alimwambia. "Inaloa."

Maji yalipungua saa kumi na moja jioni. Walimvusha wakiwa wamezama mpaka kifuani. Alipasuliwa mjini usiku ule, na daktari, kijana mwenye adabu, alimweleza mama yangu kuwa sehemu kubwa ya utumbo ilikuwa imekwisha kuoza. Kwamba angepokelewa mchana, wangezungumza mengine. Bibi Winfrida alifariki Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, saa tisa alasiri, zikiwa zimebaki wiki tatu na siku tatu atimize miaka sabini na sita.

Leo, Jumatatu tarehe 12 Mei, jeneza lake limevushwa mto ule ule, mahali pale pale, mabegani mwa vijana wale wale sita. Ninyi mliovuka mkiwa mmeshika viatu mkononi mmepaona. Tunamshukuru mheshimiwa diwani, ambaye naye amevuka kwa miguu. Suruali yake haijakauka. Tunamwomba asiibadilishe mpaka afike ofisini kwake.

Kichupa kilikuwa kwenye mfuko wa gauni alilovaa siku ile. Hospitali walitukabidhi kikiwa kimejaa. Jumamosi alfajiri nilifungua mlango wa nyuma na kuyamwaga maji kwenye mchaichai. Nilishindwa kusema maneno yake.

Marehemu ameacha watoto wanne: Deogratias, Janeth, Kasimiri na Anastasia, wajukuu kumi na mmoja, vitukuu watatu, mdogo wake mmoja, na watoto aliowapokea ambao hakuwahi kujua idadi yao. Wamemtangulia mume wake Leonard, binti yake Kristina, na mtoto Emmanuel, ambaye hakuwa wa damu yake lakini angekasirika kama nisingemtaja. Bwana ampokee Bibi na kumpumzisha. Amechoka.

Mjomba, sentensi uliyoniomba niliiandika, kisha nikaifuta. Jumatano, siku mbili kabla hajafariki, nilikwenda hospitali saa ya kuona wagonjwa. Bibi alikuwa macho na akili zake zilikuwa kamili. Alimwuliza muuguzi kama wodi ya wazazi ina sabuni. Katika miaka yangu ishirini na minne sikuwa nimemwuliza swali kubwa hata moja, kwa kuwa mimi ni mtu wa kusikiliza. Nilimshika mkono nikamwuliza, "Bibi, watu wakiniuliza sababu ya haya, niseme ni mapenzi ya Mungu?"

Aliuvuta mkono wangu nisogee karibu.

"Hapana," alisema. "Sema daraja lilivunjika mwezi wa nne mwaka jana, na hawajalitengeneza."