Mnofu wa Baba Mkwe

Nyuma ya stendi ya magari ya Bungoma, miaka ile pikipiki zilipoanza kuwanyang'anya abiria watu wa baiskeli, Aziz alikuwa na birika lake la kahawa na benchi moja la mbao. Jumamosi hiyo Wekoye alifika mapema, akakaa pembeni, kahawa ikampolea mkononi. Baba mkwe wake, Mzee Mukhisa, alikuwa njiani kutoka Kachibora kuja kula chakula cha mchana. Mara ya mwisho Wekoye alimchomea nguruwe. Mzee alitafuna, akatafuna, kisha akageuka kando kama anayekohoa na kutema kile kipande ndani ya leso. Alidhani hakuna aliyemwona.

– Na leo umepata nyama gani? aliuliza Kipruto, fundi wa redio waliyemwita Injinia.

– Nguruwe tena, mnofu wa mgongo, alisema Wekoye. Yenye mafuta ilikuwa imeisha. Sasa nifanyeje ikae laini?

– Ni mambo ya moto tu. Makaa sogeza kando, nyama iive na joto. Ikiacha kutoa damu, itoe haraka, funika, iache ipumzike.

Walubengo, karani mstaafu waliyemwita Profesa, alitikisa kichwa.

– Moto ni baadaye. Kwanza ilaze kwa maji ya chumvi. Ama busaa. Hiyo pombe inalegeza kila kitu, hata mimi inanilegeza.

– Mzee ameokoka, Profesa.

– Basi majani ya papai. Lakini si shida inaanzanga kabla ya bucha? Nguruwe ametembezwa kwa miguu kutoka Endebess, huyo ni misuli tupu. Mzuri ni wa kuletwa na pikapu.

– Na achinjwe akiwa ametulia, alisema Injinia. Kuna jamaa Kitale anawawekeanga nguruwe redio usiku kucha. Rumba.

– Inasaidia?

– Sijui nyama. Redio ndio ililetwa kwangu. Ilikuwa inanuka nguruwe.

Aziz, ambaye nyama hiyo hajawahi kuionja, aliwaongezea kahawa.

– Mimi hayo siyajui. Lakini mkiendelea hivi, mzee atafika mpaka arudi.

Hapo ndipo Nangila, mke wa Wekoye, alipotokea sokoni na nyanya zake. Aliwasalimu, akasimama akisikiliza.

– Kwani ni lazima ichomwe? aliuliza. Si ipikwe tu na mchuzi?



Wekoye alikuwa na jibu, ila halikuwa la kusemwa mbele ya watu. Mchuzi ukiwa mtamu, mzee angemshukuru binti yake. Nyama ya kuchoma ni ya mkono wa mkwe, na tangu aoe, mkono wake haujawahi kusifiwa na mzee huyo.

– Baba Dinah, nimeuliza tu, Nangila alimwambia mumewe.

– Wacha nichome. Polepole.

Nangila aliinua nyanya zake.

– Sawa. Basi leo mimi nitakaa na baba sebuleni. Jikoni sitaingia.

Mchana, Mzee Mukhisa alimaliza kipande cha pili, akanyoosha mkono kuchukua kingine, akauliza ni nani amechoma. Nangila alikuwa amekaa karibu naye. Alimwachia mumewe ajibu.