Mama Libérate Ngendakumana wa Zamu ya Alhamisi (1971–2024)

Mama Libérate Ngendakumana alizaliwa tarehe 9 Juni 1971 huko Lubarika, katika bonde la Ruzizi. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu mzee Jean-Berchmans Bigirimana na mama Louise, wakulima wa mpunga na mihogo. Waliomfahamu akiwa mdogo wanasema aliogopa karibu kila kitu: ng'ombe, radi, maji ya mto, hata jogoo wa jirani. Kitu pekee ambacho hakukiogopa ni kuuliza maswali. Mama yake alikuwa akimtuma chumvi, naye anarudi na habari za nyumba tatu, na chumvi ameisahau.

Alisoma shule ya msingi Lubarika kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, kisha akashuka Uvira kwa shangazi yake wa Kavimvira ili aendelee na sekondari. Darasa lao lilikuwa na kitabu kimoja cha jiografia kwa wanafunzi arobaini na wawili. Libérate alikiomba kwa mwalimu wakati wa likizo ya Pasaka, akakinakili chote kwa mkono, pamoja na namba za kurasa na jina la mpiga chapa, kwa sababu hakujua kipi ni cha muhimu na kipi si cha muhimu. Kuanzia hapo darasa lilikuwa na vitabu viwili. Alipata diploma ya Serikali katika ualimu mwaka 1990.

Alifundisha shule ya msingi kwa miaka kumi na miwili hapa Kavimvira. Mwaka 2004 aliajiriwa na maktaba ya umma ya hapa mjini kupanga vitabu. Mwaka 2006 ilifika kompyuta ya kwanza ya wasomaji, ndani ya boksi. Libérate aliitoa, akaiweka mezani, akaifunika kwa kitenge chake kizuri, na kwa majuma matatu kazi yake ikawa kuipangusa vumbi kila asubuhi bila kuiwasha. Mume wake alipopita siku moja kumsalimia, alimuuliza, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, “Mama Keza, hiyo mutoto bado hajaamka?” Aliiwasha siku hiyo hiyo kwa hasira. Jioni alirudi nyumbani amekwishaandika jina lake kwa herufi kubwa, na chakula kiliungua.

Mtu aliyejifunza kwa woga hasahau woga unavyokuwa, na ndivyo alivyofundisha. Kompyuta zilipofika nane, mwaka 2012, alikabidhiwa kuongoza mafunzo yote ya teknolojia ya maktaba. Sharti lake la kwanza lilikuwa moja: mwalimu anafundisha mikono yake ikiwa nyuma. Haruhusiwi kugusa chombo cha mwanafunzi, hata mwanafunzi akitumia saa nzima kutafuta herufi moja. Mjini kwetu tumezoea kumpa kijana wa sekretarieti, kile kibanda cha kupigisha chapa, karatasi na kumwambia atuandikie. Yeye alisema mtu anayeandikiwa kila siku atabaki nje ya mlango kila siku. Mkubwa mmoja wa ofisi aliingia na kumwambia, “Mama, niandikie hii barua mbio, niko na haraka.” Libérate alimvutia kiti. “Kaa, papa. Mikono yangu iko nyuma. Weye iko na yako mbili.” Mkubwa alikaa. Barua ilichukua siku tatu, na tangu hapo alikuwa akiwaleta wageni wake waone chumba cha kompyuta.

Alijua pia kwamba chumba kilichoko mjini ni cha watu wa mjini tu, usipofanya kitu. Kwa hiyo aligawa juma kwa zamu. Jumatatu ilikuwa ya mama wauza ndagala, dagaa wa ziwani, wa Kalundu, Jumatano ya wakulima wa bondeni, na Alhamisi ya watu wa milimani, wa Rurambo na Mulenge. Wale wa milimani walianza kushuka kwa miguu tangu Jumatano. Ratiba yao alikuwa akiiandika kwenye karatasi na kuwapa wauza maziwa waipandishe, kwa maana huko juu simu inashika pale tu inapotaka. Aliyeandikwa kwenye karatasi ile alikuwa na kiti chake, na hata gavana angekuja angesubiri.

Aliolewa na bwana Thaddée Havyarimana, seremala, katika parokia ya Kavimvira, tarehe 12 Agosti 1995. Walikuwa wameonana katika kwaya, ambako Thaddée hakuweza kuimba na Libérate hakuweza kunyamaza. Kabla hata ya kupeleka posa, kijana huyu alimtengenezea kabati la vitabu, wakati Libérate mwenyewe alikuwa na vitabu vinne tu. Baba mkwe alilitazama, akasema huyu anaijua shida ya binti yake. Mungu aliwajalia watoto watatu: Keza, Bruno na Délice. Meza zote za chumba cha kompyuta zilitengenezwa na mikono ya Thaddée.

Kuna jambo moja ambalo marehemu alituomba tusilifiche siku hii. Baba yake, mzee Jean-Berchmans, alifariki Jumanne tarehe 4 Septemba 2018. Kama ilivyo desturi yetu, wafanyakazi wote watatu wa chumba walikifunga, wakaenda Lubarika kulia pamoja naye. Hakuna aliyewaza kubaki, maana anayebaki kazini mwenzake akiwa na kilio anaonekana hana moyo. Walibandika karatasi mlangoni. Alhamisi, mama mmoja wa Rurambo alishuka na binti yake Chérie, waliokuwa wameandikwa kwenye zamu. Binti alikuwa ajiandikishe katika shule ya uuguzi ya Bukavu. Kujiandikisha kulifanyika kwa intaneti tu, na mwisho ulikuwa kesho yake, Ijumaa. Walikuta kufuli. Hawakumjua mtu mwingine mjini, walilala kwenye baraza la kanisa, asubuhi wakakuta kufuli lile lile, wakapanda mlima.

Libérate alisikia habari hiyo kwa muuza maziwa mwezi mmoja baadaye. Yeye, aliyeogopa ng'ombe tangu utoto, alipanda Rurambo kwa miguu akipita katikati ya makundi ya ng'ombe ili aombe msamaha. Mama Chérie alimpa maziwa, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, “Minye sikukasirika, mama. Ulikuwa na kilio, na kilio iko ya batu bote. Lakini mulikuwa batatu. Muntu mumoja tu angebakia na funguo, mutoto wangu angekuwa ku masomo leo.” Mwaka uliofuata Chérie alijaribu tena, nafasi zikawa zimejaa, na mwaka wa pili akaolewa. Libérate alisema maneno yale hayakumtoka tena. Tangu siku hiyo chumba hakikufungwa tena siku ya zamu, si kwa sikukuu, si kwa mafuriko ya mwaka 2020, wakati alipofundishia juu ya meza zilizopandishwa kwenye matofali.

Ugonjwa wa figo ulimkuta mwaka 2022. Alitibiwa hapa Uvira na baadaye Bukavu, na kila aliporuhusiwa alipitia maktaba kwanza, nyumbani baadaye. Mwezi wa pili mwaka huu aliita watu watatu kitandani pake: mume wake, mdogo wake Annie anayewasomea maneno haya, na Michée, mwalimu aliyemrithi kazi.

“Siku nitakufa,” aliwaambia, “musifunge salle, ile chumba ya kompyuta.”

Bwana Thaddée alikataa. “Batu batasema nini, Mama Keza? Batasema ulitumika miaka yote na batu benye hawakukupenda. Michée akose ku maziko yako?”

“Baseme. Kama ni Alhamisi, bale ba Rurambo batakuwa bameshaanza kushuka. Michée afundishe. Na asibaambie kama nimekufa mpaka zamu yao iishe. Wakijua, hakuna mwenye atashika klavie ya kompyuta.”

Thaddée alitoka nje. Michée alilia. Annie, tuseme kweli, alikuwa upande wa Thaddée.

Mama Libérate alifariki Jumatatu tarehe 18 Machi 2024, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili, mkono wake ukiwa katika mkono wa mume wake. Maziko yakapangwa Alhamisi. Jioni ya Jumatatu Michée alikuja kwenye kilio, akamnyooshea Thaddée funguo. “Papa, uniambie. Nifunge ao nifungue?” Thaddée hakuzipokea. Jumanne ikapita. Katika kilio watu walinong'ona kwamba jambo kama hilo halijawahi kuonekana. Jana, Jumatano, saa nne asubuhi, muuza maziwa alifika nyumbani, akasema kwamba njiani amelipita kundi la Rurambo likiteremka, watu kumi na wanne, na kwamba mbele yao yuko mama mzee mwenye karatasi ya ratiba mkononi. Thaddée alimtazama mke wake pale alipolazwa. Kisha akamwambia Michée, “Enda ufungue. Minye nitamulilia na sehemu yako.”

Anaacha mume, bwana Thaddée Havyarimana, watoto watatu, Keza, Bruno na Délice, wajukuu wawili, mama mzazi, mama Louise, kaka watatu na dada watatu, Annie akiwa wa mwisho, pamoja na mashemeji, wanafunzi wa shule aliowafundisha kusoma, na wazee wa mji huu aliowafundisha kuandika barua zao wenyewe. Anaacha pia Michée, ambaye hamumwoni hapa. Tunawaomba musimhesabu kati ya waliokosa.

Anaacha mwishowe watu kumi na wanne wa zamu ya Alhamisi. Wakati huu tunapomshusha kaburini wao wamekaa mbele ya kompyuta, wakitafuta herufi moja moja, na bila shaka wanauliza kwa nini mama amechelewa leo. Wataambiwa saa saba. Wakifika nyumbani kwake jioni na kuanza kulia wakati sisi tumekwisha kunyamaza, tafadhali wapeni nafasi za mbele, na mulie nao tena tangu mwanzo.

Pumzika kwa amani, Libérate. Kumefunguliwa.