Nahodha Alikuwa Mama Yenu

Sogezeni viti, wanangu, sauti yangu haifiki mlangoni tena. Hicran, funga dirisha, hao wageni wa baa ya chini wanapiga kelele utadhani wameununua mji mzima wa Kaş. Tuncay, simu mfukoni. Mama yenu yuko bandarini na hatarudi kabla ya adhuhuri, na maneno haya nataka niyaseme akiwa hayupo, si kwa kumficha, maana yeye nilimwambia Jumanne, ila nikimtazama usoni nitaanza kuyapamba, na mimi nimepamba vya kutosha maishani mwangu.

Nina akili zangu timamu. Nyumba hii ni yenu wawili, sawa kwa sawa, na mama yenu atakaa humu mpaka atakapochoka mwenyewe. Ile mizeituni ya mlimani achukue Tuncay, kwa kuwa ndiye aliyeipogoa. Na chombo... Tuncay, najua ni neno hilo unalolisubiri. Chombo si chako. Alhamisi iliyopita karani wa hati alikuja hapa kitandani nikatia sahihi, na tangu siku hiyo Dilşad ni mali ya mama yenu, kuanzia mlingoti mpaka nanga. Usikunje uso, mwanangu. Nisikilize kwanza, ukunje baadaye.

Mmekua mkinisikia nikiitwa Nahodha Rıfkı, nanyi mkatembea kifua mbele bandarini kwa jina hilo. Mimi ni mtoto wa seremala. Chombo kile nilikichonga na baba yangu nikakipa jina la mama yangu, lakini kuchonga chombo si kukiendesha, na bahari nilianza kuijua nikiwa na miaka ishirini na sita, nikitapika kila mara mawimbi yalipotugonga ubavuni. Nezahat, mama yenu, alikuwa binti wa mzamiaji wa sponji za baharini. Alilala ndani ya mashua kabla hajajua kutembea. Akiyatazama maji tu anajua upepo utakaokuja saa mbili baadaye, kama wewe Hicran unavyomtazama mgonjwa ukajua ana homa kabla hujamgusa.

Miaka ile wageni walikuwa wachache, barabara ilikuwa mbaya, na waliofika walitaka kitu kimoja: kupelekwa Kekova wakauone mji uliozama. Mimi nilishika usukani, yeye alikaanga samaki. Tulipofika pale kuta zinapoingia majini, nilizima injini nikawasomea wageni kutoka kwenye kijitabu, mwaka fulani, mfalme fulani, tetemeko fulani, nao wakapiga miayo. Siku moja mama yenu akatoka jikoni na mwiko mkononi, akawaonyesha ngazi ya mawe inayoshuka ndani ya maji, akasema, "Hapa alikaa mwanamke aliyekuwa akimfokea mumewe kila siku kwa kuingia na miguu yenye mchanga. Siku ile bahari ilipoingia, mume ndiye aliyesema, 'Umeona? Bahari nayo imeingia na mchanga. Sasa utamfokea nani?'" Wageni wakacheka mpaka wakashika mbavu. Halafu akawaambia wanyamaze, wayatazame maji, na wakanyamaza, na mmoja wao alilia. Mimi nilisimama na kijitabu changu. Hapo ndipo kitu kiliponiingia, wanangu, na hakijatoka mpaka leo.

Nadhani bado ningeweza kukivumilia. Lakini ikaja siku ya upepo wa kusini. Tulikuwa na wageni kumi na mmoja, tunarudi, na upepo ukatuangukia ghafla, mawimbi yakawa yanapanda sitahani. Nikaona miamba upande wa kulia, nami badala ya kugeuza nikaganda. Mikono yangu iliganda juu ya usukani kama ya maiti. Mama yenu akaja akitambaa kwa magoti, akanibandua vidole kimoja kimoja, akaniambia sikioni, taratibu kabisa, "Nenda kawashikie watoto wa wale Wajerumani. Nenda, mume wangu." Akakigeuza chombo, akakipitisha mahali ambapo mpaka leo sipiti hata bahari ikiwa kama sahani, akatuingiza kwenye ghuba tulivu. Wageni walimpigia makofi. Mimi nilikuwa nimekaa chini na mtoto wa mtu mapajani, nimeloa, na nilimchukia. Aliyaokoa maisha yangu nami nilimchukia.

Habari zilifika bandarini kabla yetu. Kuanzia siku ile wageni walikuja gatini wakiuliza nahodha mwanamke yuko wapi. Mpiga picha mmoja Mwitaliano akampiga picha ameshika usukani, nywele zinapepea, na picha ikachapishwa kuwa kadi ya posta, ikauzwa kila duka. Mimi nilikuwamo kwenye kadi ile. Kilichoonekana ni kiwiko changu.

Na Cevdet, mwenye chombo cha jirani, hakunipa nafasi ya kupumua. Kila nikiingia mgahawani kunywa chai: "Karibu, Rıfkı! Mwenyewe amekupa ruhusa?" Au: "Jamani, mpisheni Nahodha Kiwiko!" Watu wanaangua kicheko. Nilimrushia glasi ya chai, ikampasua nyusi, na tangu siku ile hatujasalimiana. Watu wanadhani tuligombea sehemu ya kufunga chombo. Hapana. Alisema kweli mbele za watu, basi.

Sasa tulifikie jambo lenyewe. Serikali ilitaka kila anayewabeba wageni awe na cheti. Mimi nilikipata kwa shida. Mama yenu akasema na yeye anakitaka, ili tubadilishane zamu. Alisoma majira ya baridi mazima, wewe Tuncay ukiwa mgongoni na Hicran ukiandika hesabu zako za shule kwenye meza hiyohiyo. Akafanya mtihani akafaulu kuliko wanaume wote waliokuwa chumbani. Kilichobaki ilikuwa kupeleka fomu ofisini Antalya. Wewe ulikuwa na surua, Tuncay, hakuweza kukuacha. Akanipa mimi ile bahasha, akanifungia na mkate na jibini vya njiani.

Nilifika Antalya saa nne asubuhi. Sikwenda ofisini. Nilikaa kwenye benchi stendi ya basi, nikala mkate wake, nikaichana fomu yake vipande vipande, nikavitia kwenye pipa la taka pamoja na karatasi iliyofungia jibini. Jioni nikarudi. Alikuwa mlangoni. Nikamwambia, "Wamekataa. Wanasema mwanamke hapana."

Akaniuliza, "Wamesema hivyo hivyo?"

Nikasema, "Hivyo hivyo. Walicheka."

Hata hilo la kucheka niliongeza mimi. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyekataa. Laiti fomu ingefika, mama yenu angekuwa nahodha kwa cheti kabla Hicran hujamaliza darasa la nne. Siku iliyofuata hakuja gatini. Alisema kama ni hivyo hataki kukanyaga sitaha akawe mpishi wa mtu. Akabaki huku juu akijaza wali kwenye pilipili hoho na kuukunjia kwenye majani ya mizabibu, chakula cha wageni, nami nikavibeba vyungu kwenda navyo chomboni kwa miaka thelathini na moja. Na pale Kekova, wanangu, nikizima injini, nilisema maneno yake. Yule mwanamke wa kufoka, miguu yenye mchanga, yote, neno kwa neno, kama yangu. Wageni walicheka. Hawakuwahi kucheka kama walivyomchekea yeye. Nilisikiliza kila mara nikilinganisha, na kila mara nilishindwa na mtu ambaye hata hakuwapo.

Hicran, mwanangu. Ulikuwa na miaka tisa uliposhika usukani siku moja nilipokuwa nafunga kamba, ukakileta chombo gatini laini kama siagi. Nilikunasa kofi mbele ya wageni. Nikakwambia usukani si mdoli. Hukuwa na kosa. Niliiona mikono ya mama yako. Ulikwenda kusomea uuguzi mbali na hapa, watu wakisema binti wa Rıfkı haipendi bahari, nami nikaitikia kwa kichwa. Nisamehe, mama. Usinijibu sasa. Hata usiponijibu ni haki yako.

Na wewe Tuncay nilikupa kila kitu nilichowanyima wao, nikakufundisha kidogo nilichokijua. Wewe ni nahodha wa kadiri, kama mimi. Hilo si tusi. Wa kadiri hufika nyumbani, ilimradi ajue kuwa ni wa kadiri.

Jumanne nilimwambia mama yenu. Alikuwa ananinyoa. Nilimwambia yote, na wembe uko hapa, chini ya sikio. Alimaliza kuninyoa, upande huu na upande huu, akanifuta povu, akauosha wembe, akavaa viatu. Aliporudi jua lilikuwa limeinama, na alinuka dizeli na chumvi. Alikuwa amekiondoa chombo peke yake. Mwanamke wa miaka sabini na miwili! Akasimama hapo mlangoni, akaniambia, "Usukani umelegea. Unavuta kushoto. Miaka yote hii, Rıfkı, hukuona kwamba unavuta kushoto?" Nikasema sikuona. Akasema, "Ningeona siku ya kwanza." Akaenda kuweka chai. Tangu siku ile anasema nami mambo ya dawa na ya mto tu, na kila asubuhi anashuka bandarini na fundi.

Mnadhani kukiri kumenitoa wivu? Nimelala hapa namsikia akishuka ngazi, hatua zake nyepesi kama za msichana, na moyo unaniungua. Atakwenda Kekova bila mimi. Atawasimulia. Watacheka vile walivyocheka, na mimi sitakuwapo hata kwa kiwiko.

Nipeni maji... Inatosha.

Sasa shikeni haya. Cevdet aitwe. Abebe jeneza, mbele, upande wa kulia, na nyusi yake ile. Akitania, mwacheni. Tuncay, mama yako akiondoa chombo, wewe fungua kamba, umtupie, nyamaza. Usimwelekeze. Hicran, likizo zako uje, akupe usukani, kuna mambo yake ambayo... ambayo hayako kwenye kitabu. Na bandarini semeni ukweli. Wakiuliza nani alikuwa nahodha wa Dilşad, semeni.

Mungu awaridhie kama mimi nilivyowaridhia. Awape mkate wa halali na kitanda chenye usingizi. Msioneane... mnajua. Mmemwona mmoja anavyokwisha.

Jambo la mwisho. Sogea, Hicran, sikio. Siku ya kunizika, imamu atauliza mara tatu, kama ilivyo desturi, mnamhalalishia marehemu haki zenu, mnamsamehe alichowadhulumu? Bandari nzima itajibu, tumemhalalishia. Watu hujibu tu. Mama yenu atakuwa amesimama nyuma na wanawake. Mtu asimtazame. Asiguswe bega, asinong'onezwe aseme kwa ajili ya watu. Aseme au anyamaze... apendavyo. Mimi nitakuwa pale mbele, ndani ya ubao, sisikii lolote.

Jibu lake mtalisikia ninyi. Na hata kwa hilo, wanangu... nawaonea wivu.