Bisibisi, Fundi Aliyejifunza Upya Kufunga Mlango

Marehemu kaka yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bisibisi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa kwanza wa mshona viatu na mkunga. Alisoma shule ya msingi ya ng'ambo ya reli, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu mwaka 1982 kama fundi wa majokofu. Jina la Bisibisi alilipata huko, kwa sababu hakuna kilichofungwa ambacho hakukifungua.

Mwaka 1986 alifunga ndoa na mshonaji wa sare za shule, wakajaliwa watoto watatu.

Alifanya kazi katika ghala la nyama. Tarehe 9 Agosti 2007, yeye na kijana msaidizi wake waliingia chumba cha kugandishia kutengeneza feni. Mlango ulijifunga, na kitasa cha ndani kikakatika. Walipokuja kufunguliwa, msaidizi wake alikuwa amekwisha kufa, amefunikwa koti la kaka yetu.

Tangu siku hiyo hofu ilihamia nyumbani. Aling'oa milango yote, hata wa choo, akaiegemeza nyuma ya nyumba. Ikawa anayeoga lazima aimbe, ili wengine wajue kuna mtu. Binti yake wa mwisho aliimba vibaya makusudi, "hata mwizi akimbie." Tulicheka, lakini tuliogopa. Mlango wa jirani ukibamizwa, kaka alianguka na kujikunyata, wala hakututambua. Kila mara tulijiuliza kama safari hii atarudi kutoka huko alikokwenda.

Kwa mwaka mzima alizungumza na mshauri nasaha wa hospitali. Kila simulizi ilipofika mlangoni, ulimi ulikufa ganzi. Ndipo mshauri akapendekeza kuongeza mazoezi ya ubongo: vihisio vya mashine inayopima ubongo vinabandikwa kichwani kwa gundi laini, mgonjwa anatazama filamu, ubongo ukitulia picha inang'aa, ukishtuka inafifia. Alisema wazi kwamba si tiba ya kujitegemea, na haimsaidii kila mtu. Mazungumzo yangeendelea.

"Ikimwonyesha yule kijana je?" kaka aliuliza.

"Haioni mawazo, baba. Inaona tu kama ubongo umetulia au umekimbia."

Mara ya tatu picha ilizimika kabisa. Alichomoa nyaya, akatoka mbio hadi barabarani. Mkewe alimkuta ameganda ukutani, nywele zimesimama kwa gundi.

"Mume wangu, na nywele hizo unamkimbia nani? Watu ndio wanakukimbia wewe!"

Kaka alicheka huku analia. Akarudi ndani.

Mshauri alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kugusa mlango alisema, "Nafunga," na hakufunga mpaka ajibiwe, "Funga." Miezi ilipita bila jibu. Taratibu picha ilianza kubaki angavu, na siku moja kaka alijibu, akasimulia mpaka mwisho, hadi lile koti. Baadaye alituambia kwamba mashine ilimtuliza tu ili aweze kusema. Kusema ndiko kulikomtoa mle ndani. Alirudisha milango mmoja baada ya mwingine, na utaratibu ule ukawa wa nyumba yake.

Mwezi Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Hofu ilirudi, lakini haikuwa ya kufa.

"Lile sanduku la kunizikia," alimuuliza mkewe, "mtalifunga?"

Mkewe aliitikia kwa kichwa.

"Basi msinifungie kimya kimya, mama watoto. Mseme."

Alifariki tarehe 2 Juni 2024 alfajiri, mlango wa wodi ukiwa wazi.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne na sisi wadogo zake wawili.

Jeneza bado halijafunikwa. Mkewe atakaposema, "Nafunga," yeye hataweza kujibu. Tunawaomba nyote mliopo mumjibie, kwa sauti: "Funga."

Alale bila hofu.